Tarehe Niliyoiomba

Mwezi uliopita mawakili vijana wa Mbale walinialika kwenye semina ya ustawi wa mawakili. Tulikaa kwenye ukumbi wa hoteli, tukagawiwa kalamu, maji ya chupa na sambusa mbili mbili, na daktari wa akili kutoka Kampala akatueleza kwamba wakili anayelala vizuri hufanya kazi vizuri. Mtu kasafiri toka Kampala kuja kutuambia hilo. Aligusa pombe, akagusa presha, akagusa ndoa zinazovunjika kwa sababu ya mafaili. Mwishoni wakili mmoja wa kike, mwaka wake wa pili kazini kama si wa kwanza, alinyoosha mkono akauliza: na wale mawakili ambao hawawezi kumwambia mtu yeyote wanampenda nani, wao daktari anawashauri nini? Mwenyekiti akasema muda umekwisha, twendeni chai.

Muda haukuwa umekwisha. Nilikuwa na saa mkononi na zilibaki dakika ishirini nzima. Kwenye chai yule binti alisimama peke yake karibu na dirisha, na wenzake wote ghafla wakawa na mazungumzo upande wa pili. Nadhani ni mimi peke yangu mle ndani niliyekuwa na jibu la swali lake, na nilichofanya ni kuongeza sukari kwenye kikombe changu. Naandika haya kwa sababu sikumwendea. Faraja hamna humu, asiitafute.

Mimi ni mzaliwa wa Jinja, Mnubi. Babu wa babu yangu aliletwa Uganda kutoka Sudan akiwa askari, na tangu hapo kila aliyetutazama aliona bunduki, hata kwa sisi ambao hatukuwahi kushika kisu cha kuchinjia kuku. Nyumbani tulisema Kinubi na Kiswahili. Nilisoma sheria, kisha nikaenda kujifunza kazi kwenye ofisi ya wakili mmoja Msoga, kabila la wenyeji wa Jinja, mtoto wa kiume wa mchungaji, aliyenizidi miaka minne. Ofisi yake ilikuwa ghorofani, kwenye jengo ambalo Wahindi wenye nalo walikuwa wamefukuzwa nchini, na jina la familia yao lilibaki limechongwa juu ya mlango. Alikuwa mtu wa taratibu zake. Vile vitambaa vyeupe vya shingoni tunavyovaa mahakamani alivifua mwenyewe, akavitia wanga wa muhogo na kuvipiga pasi mpaka vikakauka wima, kwa sababu hakumwamini dobi yeyote wa Jinja. Nilimpenda, naye akanipenda. Sitaeleza ilivyoanza, maana kila mtu anajua mambo hayo yanavyoanza.

Kisha vita vikafika. Serikali ya kijeshi ilipoanguka na majeshi ya kutoka Tanzania yakakaribia Jinja, watu walianza kulipiza visasi, na kwa kuwa askari wengi wa serikali ile walikuwa Wanubi au walisema kama sisi, nyumba zetu zilivunjwa mchana kweupe. Mama na dada zangu walishatangulia Kenya. Mimi nilijificha siku tisa kwenye chumba chake cha mafaili. Siku ya kumi alinivalisha shati lake, akanipakia kwenye Peugeot yake, tukashika njia ya Busia.

Kwenye kizuizi kimoja mbele ya Iganga, mwanamgambo mwenye kofia ya sufu alinishusha. Hakutaka kitambulisho, alitaka nizungumze. Nikazungumza, na hapo nikajiponza, kwa sababu Kiswahili changu kilikuwa kimenyooka kupita kiasi.

"Wewe nasema Swahili muzuri sana," akasema. "Wewe iko Nubi."

"Hapana, afande." Wakili wangu alikuwa ameshashuka, joho lake la mahakamani likining'inia mkononi. "Huyu Mkenya. Iko karani yangu. Mimi wakili, yeye nasaidia mimi kwa kesi."

"Nani nasema?"

"Mimi nasema. Kama mimi nadanganya, afande, shika sisi wote wawili."

Alisema hivyo mbele ya bunduki mbili. Yule mwanamgambo alilipapasa joho, akacheka, akatuachia. Wakili wangu akanifungulia mlango wa gari na kunisukuma ndani akinitukana kwa sauti kubwa, kama bosi anavyomtukana karani mvivu. Tulipofika mbali alisimamisha gari na kutapika kando ya barabara. Hatukulizungumza tena jambo hilo.

Nilikaa Bungoma miaka miwili nikifundisha shule. Niliporudi, nyumba yetu ya Jinja ilikuwa na watu wengine ndani, na majirani walioniona walitazama pembeni. Nikaona bora Mbale, ambako hawakunijua. Nikapanga vyumba viwili Namakwekwe, nikapata meza kwenye ofisi ya pamoja karibu na mahakama, na jina langu likaingia kwenye daftari la mawakili. Mama alikataa kurudi. Alisema Uganda keshaiona.

Sasa lazima nieleze desturi moja ya kazi yetu, maana mambo yote yalitokea humo. Baada ya vita mawakili wa mashariki walikuwa wachache mno. Wahindi walishafukuzwa, wengine walikimbia, wengine waliuawa. Wakili akikwama, mwenzake alisimama mahakamani kwa niaba yake: anamtaja mwenye kesi, anasema ametumwa naye, kisha anaendesha shauri au anaomba tarehe nyingine. Hakimu haulizi zaidi ya hapo. Neno la wakili linatosha, na mpaka leo linatosha.

Maisha yetu tuliyajenga juu ya desturi hiyo. Yeye alichukua kesi za Mbale, mimi nikachukua za Jinja, na kila mmoja akawa anasimama kwa niaba ya mwenzake. Miaka ile huwezi kusafiri kilomita mia moja na zaidi ukasema unakwenda kumsalimia rafiki. Askari wa kizuizini atataka sababu, na mwenye nyumba wako atataka sababu zaidi ya askari. Faili lenye muhuri wa mahakama na tarehe lilimnyamazisha askari na mwenye nyumba pia. Yeye alifika jioni ya kabla ya kesi, na samaki wa Jinja aliyekaushwa amefungwa kwenye jani la mgomba, akilalamika barabara tangu mlangoni. Akikuta nimepika malewa, yale machipukizi ya mianzi ya watu wa mlimani, alisema nyumba inanuka soksi. Tulikula, tukabishana sheria, akawasha pasi ya mkaa. Majirani walinitania tu: "Mgeni wako wa mahakama amekuja?" Hata mwenye nyumba, mzee mwenye mabinti wanne wa kuozwa na jicho lake kwangu, alimwita shemeji wa serikali. Hizo ndizo siku nilizoishi. Zilizobaki nimezipitisha tu.

Kosa tulilolifanya ni kosa ambalo watu wa kazi nyingine wasingeweza kulifanya hata wakitaka. Tulianza kuziacha kesi zisiishe. Kesi ikiisha, safari imekufa. Basi tukawa tunabakiza: hapa shahidi mmoja hajahojiwa, pale hati moja haijaletwa, tunaomba tarehe. Mwanzoni zilikuwa kesi za mipaka ya mashamba, ambazo zenyewe hazina haraka, na tulijiambia hatumdhuru mtu. Yeye ndiye aliyeweka mpaka. Alisema kesi yenye mtu mahabusu haichezewi, na tulikubaliana hivyo tukiwa tumekaa mezani kwangu, mimi nikitikisa kichwa kwa dhati kabisa.

Kulikuwa na mzee mmoja wa kule juu Wanale aliyeshtakiwa kuiba kahawa ya ghala. Hakuiba. Mlinzi wa ghala ndiye aliyeiba, na ushahidi ulikuwa wazi mpaka mwendesha mashtaka mwenyewe alianza kuona haya. Kesi ilikuwa ya mwenzangu. Ilishaahirishwa mara mbili, na mara zote mbili kwa sababu za kweli: mara ya kwanza hapakuwa na petroli, mara ya pili barabara ilifungwa na askari. Mke wa yule mzee alishuka mlimani kwa miguu kila tarehe, na sufuria ya ndizi amefunga kitambaa, akaketi kwenye veranda ya mahakama.

"Bwana wakiri," aliniuliza asubuhi ya tarehe ya tatu, "leo nasikia kesi?"

"Leo, mama. Leo anatoka."

Nilimaanisha. Lakini saa tatu mwenzangu alikuwa hajafika, na karani wa mahakama alipoita kesi nikasimama mimi. Hakimu alisema wazi kwamba kama nina faili nianze, na kama sina, atangoja mpaka alasiri. Nakala ya faili, aliyoniachia safari ya nyuma, ilikuwa kwapani kwangu. Niliijua kesi ile neno kwa neno, tulikuwa tumeijadili juu ya samaki. Na nikiwa nimesimama pale nikakumbuka kwamba hiyo ndiyo kesi yake ya mwisho iliyobaki Mbale. Za mipaka zote zilikuwa zimefika mwisho mwezi ule, tulikosa cha kubakiza. Yule mzee akitoka leo, mwenzangu hana tena faili la kumwonyesha askari, hana la kumwambia mwenye nyumba wangu, na baba yake mchungaji alishaanza kumtafutia mchumba. Nikafungua mdomo nikasema mwenzangu anaumwa homa, amenituma niombe tarehe nyingine. Hakimu akaguna, akafunua kitabu chake, akatoa tarehe ya baada ya wiki saba.

Mzee hakuelewa. Alikuwa kizimbani akitabasamu mpaka askari alipomshika mkono.

Mwenzangu alifika saa sita, mwekundu kwa vumbi, amelala njiani na kubadilisha tairi mara mbili. Nilimkuta kwenye ngazi za mahakama. Nilidhani atafurahi. Nilimwambia kwa kunong'ona, nikitabasamu kama mpumbavu, kwamba nimetupatia wiki saba.

"Umetupatia?" akasema. "Yule mtu angelala kwake leo!"

Alikwenda mbio kumwomba hakimu aifungue upya, lakini hakimu alikuwa ameshaondoka kwenda Tororo. Akarudi Jinja siku ile ile bila kula. Kabla ya kuwasha gari aliniambia nisirudie tena kusema ametuma kitu ambacho hakutuma. Nilimkasirikia, Mungu anisamehe. Niliona yeye ana moyo mgumu, mimi ndiye niliyekuwa nikipigania mapenzi yetu.

Wiki ya nne ugonjwa wa kuhara uliingia mahabusu, na mzee akafa.

Mkewe hakulia mbele yangu. Alikuja ofisini na sufuria yake, ikiwa tupu, akauliza kwa sauti ya kawaida tu: "Nani naomba ile siku? Mutu moja naambia mimi ni wewe. Mutu ingine nasema ni mwenzako. Ni nani?" Nilimwambia, mama, mambo ya mahakama ni marefu. Akanitazama kidogo, akaondoka. Akapata mtu wa kumwandikia barua ya malalamiko, na barua ikaenda Kampala kwenye kamati ya nidhamu ya mawakili. Kila kitu kilichoandikwa humo kilikuwa haki yake. Mwandishi aliongeza sentensi moja ya kwake mwenyewe mwishoni: kwamba mawakili hawa wawili hulala nyumba moja kama mtu na mkewe, na watu wanajua.

Malalamiko yalimhusu mwenzangu, kwa sababu kwenye rekodi ya mahakama kesi ilikuwa yake na homa ilikuwa yake. Mimi niliitwa kama shahidi. Kamati ilitaka jambo moja tu kutoka kwangu, hati ya kiapo: je, tarehe ile iliombwa kwa maagizo yake? Nikisema hapana, yeye amesalimika. Lakini nikisema hapana watauliza, basi kwa nini uliiomba, nawe ulikuwa na faili mkononi? Na kwa swali hilo nilikuwa na jibu moja, na jibu hilo lilikuwa na kifungu chake kwenye sheria za jinai za nchi. Ningeweza kutunga jibu jingine, nikasema nilizembea, nikakubali kufungiwa leseni mimi. Kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba njia hiyo sikuiona. Niliiona. Niliogopa kwamba wakili Mnubi akishafungiwa hafunguliwi tena, nikaogopa ile sentensi ya mwisho ya barua, nikaogopa kurudi Bungoma. Nilikwenda kwa kamishna wa viapo, nikashika msahafu, nikaapa kwamba niliomba tarehe ile kwa maagizo ya mwenzangu, aliyenituma kwa simu.

Siku ya kusikilizwa tulikaa kwenye benchi moja huko Kampala, tumeachana nafasi ya mtu mmoja. Mwenyekiti wa kamati alisoma barua ya mjane kwa sauti, neno kwa neno, na alipofika ile sentensi ya mwisho akainua macho kidogo, akageuza karatasi. Hakuisoma. Hakuna aliyeisema wala aliyeikana, na wote pale mezani walikuwa wameshaisoma. Nimewasikia watu wakiuita ukimya ule heshima. Mimi niliona namna walivyouvuta ule ukurasa kwa ncha za vidole.

Hati yangu ilisomwa. Wakamuuliza mwenzangu kama ana la kusema juu yake. Alikuwa ameketi wima, vitambaa vyake vyeupe kuliko vya wote mle ndani. Angeweza kuuliza ni simu ipi, maana laini ya Jinja na Mbale ilikuwa imekatika mwezi ule mzima na kila wakili wa mashariki alilijua hilo. Mimi mwenyewe, kwa haraka ya woga, sikulifikiria. Swali moja tu lingenimaliza.

"Sina la kupinga," akasema.

Walimfungia miaka mitatu. Mimi nilipewa shukrani kwa ushirikiano wangu.

Kwa miaka mingi hakuja tena Mbale. Nilimwandikia mara mbili, nikapasua barua zote mbili, nikaandika ya tatu nikaituma, na haikujibiwa. Nilisikia anafundisha sekondari moja karibu na Jinja, Kiingereza na maarifa ya dini. Nilisikia baba yake alikufa, nikasikia hakuoa. Mimi kazi ilinikubali. Niliendesha kesi za watu waliorudi kutoka uhamishoni kudai nyumba zao, hata yetu ya Jinja nikaikomboa, nikaitwa mzee wa haki. Sikumruhusu mtu mwingine yeyote aingie nyumbani kwangu na kuwasha pasi.

Baada ya miaka mitano, siyo mitatu, alikuja ofisini kwangu mchana mmoja bila taarifa. Alikuwa amekonda na mvi zimemwingia upande mmoja. Alikaa kwenye kiti cha wateja. Alisema anataka kuomba arudishwe kazini, na kwamba fomu inataka mawakili wawili wanaomfahamu. Mmoja kampata Jinja. Wa pili hampati, wote wanamkwepa.

"Nimefikiria sana kabla ya kuja," akasema. "Lakini ni wewe tu ninayeweza kukuomba bila kueleza."

Nikachukua fomu nikaanza kuijaza kwa furaha, maana niliona mlango wa kurudiana. Nikaandika jina lake, jina langu, namba yangu ya leseni. Kisha pakaja pale panapouliza: unamfahamu mwombaji kwa namna gani? Palikuwa na mistari mitatu mitupu. Ningeweza kuandika rafiki. Neno la kawaida, halimfungi mtu, kila mwanamume Uganda ana marafiki. Kalamu ilisimama hapo. Nikafikiria ile kamati, baadhi yao walikuwa bado ni wale wale, wakiisoma fomu ile kwa ncha za vidole. Nikaandika: *Tulikutana mahakamani katika shughuli za kazi.* Nikapiga muhuri.

Aliisoma akiwa ameketi. Aliisoma kwa muda mrefu kuliko urefu wake. Kisha akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni, akasimama na kunipa mkono.

"Asante, wakili," akasema. Kwa miaka yote ile alikuwa akiniita kwa jina langu.

Alifariki miaka sita baadaye, kwa ugonjwa wa ini, nami nikapata habari kutoka kwa karani mmoja wa mahakama ya Jinja wiki mbili baada ya mazishi. Hakuwa amerudi kazini. Kwa nini, sikujua. Labda ombi lake lilikataliwa, na kama ni hivyo ningekuwa na wa kumlaumu. Nilikaa na jambo hilo miaka mingine mitatu mpaka nikashindwa, nikapanda basi kwenda Kampala kuuliza kwenye masjala ya ile kamati. Karani, mwanamke mpole mwenye miwani, alitafuta kwenye madaftari ya miaka yote, akaingia stoo, akarudi na vumbi kwenye mikono.

"Hakuna, mzee. Huyu hakuwahi kuleta ombi lolote."

Nikamshukuru. Nilikuwa nimeshageuka niondoke aliponiita, na kalamu yake juu ya kitabu cha wageni, kwa sababu kila anayeulizia faili huandikwa.

"Samahani, mzee. Wewe ni nani wake?"

Masjala ilikuwa tupu. Mwenzangu alikuwa kaburini, baba yake kaburini, wazee wa kamati wengi kaburini. Hapakuwa na mtu duniani ambaye jibu langu lingemdhuru, na yule karani aliningoja bila haraka.

"Tuliwahi kufanya kazi pamoja," nikasema, naye akaandika.